Sebule Kubwa, Besi Nzito: Fanya Haya Kabla ya Kununua Sabufa Nyingine

Dukani sabufa ilikutikisa kifua. Umeifikisha nyumbani, kwenye sebule iliyoungana na dining na korido, na sasa inakohoa tu. Usiilaumu bado. Kwenye sauti za chini kabisa, chumba kina kauli kubwa kuliko mashine.

Anza kwa kupima. Chukua tepu ya fundi, pima urefu, upana na kimo cha chumba, kisha zidisha. Sebule ya mita 7 kwa 5 yenye dari ya mita 3 ina mita za ujazo 105. Halafu ongeza kila eneo lisilo na mlango: dining, korido, ngazi za kwenda juu. Sabufa haijui kwamba dining ni chumba kingine. Inasukuma hewa yote inayoifikia.

Ukishapita mita za ujazo 85 hivi, chumba chako ni kikubwa kwa hesabu za sinema ya nyumbani. Hizo ni futi za ujazo 3,000, kiwango ambacho THX ya Marekani imekitumia kwa vifaa vya daraja lake la Ultra. Sabufa ndogo iliyokuja ndani ya boksi moja na spika tano haikuundwa kwa kazi hiyo. Hata hivyo, nyingi hazijapewa hata nafasi ya kufanya kile zinachoweza.

Funga milango unapoangalia filamu. Mlango wa mbao unazuia kiasi. Pazia, hata liwe zito vipi, halizuii kitu.

Ihamishe kwanza

Hatua hii ni ya bure, na ndiyo inayoleta tofauti kubwa kuliko zote. Wengi huweka sabufa chini ya TV kwa sababu waya umeishia hapo. Ipeleke kwenye kona. Besi husambaa pande zote, na ukiwa na sakafu na kuta mbili karibu, ile ambayo ingepotelea nyuma inarudishwa chumbani.

Hapa nyumba zetu za tofali zina faida. Ukuta wa tofali na zege unairudisha besi ndani, wakati kuta za mbao na jasi za nyumba nyingi za Marekani huivujisha nje. Kumbuka hilo unaposoma ushauri wao. Ila kona iwe kona kweli. Yenye dirisha kubwa la luva upande mmoja au uwazi wa korido upande wa pili haihesabiki. Jaribu nyingine.

Kona ikikupa besi nyingi lakini yenye mngurumo wa noti moja, kuna mbinu ya zamani inayofanya kazi hadi leo. Beba sabufa, iweke juu ya kochi unalokalia. Cheza wimbo ambao besi yake inatembea. Rumba ya Kikongo inafaa sana, kwa sababu gitaa la besi linapanda na kushuka badala ya kugonga noti moja. Sasa wewe tambaa kufuata kuta, kichwa kikiwa chini kama sabufa ingekuwa sakafuni. Pale utakaposikia noti zote zikiwa na uzito unaolingana, ndipo sabufa ikae. Watoto watacheka. Waache.

Baada ya sabufa, angalia kochi. Katikati ya chumba ni mahali pabaya pa kukaa. Chumba cha urefu wa mita 7 hutengeneza wimbi la kusimama kwenye Hz 24 hadi 25, na katikati kabisa ya urefu huo wimbi hilo linajifuta. Yaani tetemeko la filamu lipo chumbani, ila halipo kwenye kiti chako.

Jipime hivi: sehemu yenye besi ikiwa inacheza, simama utembee polepole hadi ukuta wa nyuma. Besi ikikua kadiri unavyosogea, sabufa haina kosa. Rudisha kochi nyuma, lifike kwenye theluthi ya mwisho ya chumba. Kuegemea ukuta kabisa kunaongeza besi zaidi, ila inakuwa nzito isiyo na sura. Acha hata nusu mita.

Kama makochi hayahamishiki, kwa sababu nyumba si yako peke yako, fanya kinyume: ilete sabufa ilipo kochi. Iweke nyuma yako au pembeni, karibu na mkono wa kochi. Kwenye chumba kikubwa hii ndiyo silaha ninayoipenda kuliko zote. Unapata sauti moja kwa moja kabla haijatawanyika kwenye mita za ujazo mia na kitu, kwa hiyo unahitaji nguvu ndogo zaidi. Unachonunua ni waya mrefu wa RCA tu, wala si ghali.

Sharti moja: sabufa iliyo nyuma yako isipewe sauti za juu ya Hz 80. Sauti ya mwanamume akiongea huanzia karibu hapo kwenda juu, na ukiiacha sabufa ifike Hz 150, utamsikia mwigizaji akinong'ona kwenye mgongo wako.

Menyu zinazoiba besi

Fungua mipangilio ya risiva. Spika zote ziandike "Small", hata kama zina urefu wa mtoto wa darasa la tatu. Neno hilo si matusi. Maana yake ni kwamba sauti za chini zipelekwe kwenye sabufa, ambayo ndiyo kazi yake. Sehemu ya "Crossover" weka Hz 80. Kama spika zako ni vile vidogo vya kushika mkononi, weka 100 au 120.

Ukiona chaguo la "LFE + Main", liache. Chagua "LFE" peke yake. Besi ileile ikitoka sabufa na spika za mbele kwa pamoja, mara nyingi zinapingana na kufutana.

Nyuma ya sabufa yenyewe, swichi ya crossover izungushe hadi mwisho wa juu, au iweke kwenye "LFE" kama ipo. Risiva imeshachuja. Ukichuja mara mbili unajipunja. Volumu yake iweke nusu, kisha malizia marekebisho kwenye risiva.

Halafu ile swichi ya "Phase", 0 na 180, ambayo karibu kila mtu huiruka. Kaa kwenye kiti chako, cheza wimbo wenye besi ya kudumu, mwombe mtu aibadilishe. Upande wenye besi nyingi zaidi ndio wako. Ukihamisha sabufa, rudia.

Zima kila kitu kinachoitwa "Night Mode", "DRC" au "Dynamic Volume". Kazi yake ni kupunguza milipuko ili watu walale. Ni nzuri saa sita usiku, na ni adui wa kila unachokitafuta hapa.

Sasa sehemu ambayo nadhani imeua besi nyingi kuliko sabufa mbovu zote: sauti inayotoka kwenye TV. Filamu yenye 5.1 ina chaneli tano za kawaida na moja ya besi peke yake, LFE, inayobeba sauti hadi Hz 120. Mashine inapoisoma huiongezea desibeli 10 juu ya chaneli nyingine. Sasa TV nyingi zinapotoa sauti kwa "PCM" huishusha filamu kuwa stirio, na katika kushusha huko LFE kwa kawaida hutupwa. Sabufa yako inabaki kuokota makombo. Ingia mipangilio ya sauti ya TV, weka "Bitstream", "Pass Through" au "Auto". Kisha angalia kioo cha risiva: kiandike Dolby au DTS, kisiandike Stereo.

Kwa sababu hiyohiyo, chagua vizuri unachopimia. Faili dogo ulilowekewa kwenye flashi na muuza muvi mara nyingi ni stirio iliyobanwa. Filamu zilizotafsiriwa na ma-DJ zina raha yake, lakini si za kupimia besi. Tafuta diski ya Blu-ray ya Edge of Tomorrow ya 2014 na usikilize sekunde zake za kwanza, zile za nembo. Au War of the Worlds ya 2005, pale mashine inapochomoza kutoka chini ya barabara. Zikipita hizo na hukuhisi kitu, kuna jambo bado halijakaa sawa.

Kama risiva ina mfumo wa kujipima, kama Audyssey, YPAO au MCACC, uendeshe mwishoni, baada ya kuhamisha kila kitu. Zima feni, AC na friji ya karibu. Maikrofoni ikae kwenye kimo cha sikio, juu ya stendi, isilazwe kwenye mto. Ikimaliza, rudi kukagua. Mifumo hii ina tabia ya kurudisha spika kwenye "Large" na kuipunguza sabufa. Rudisha "Small", kisha ongeza sabufa desibeli 3 hadi 6 kwa kadiri unavyopenda. Huo si udanganyifu. Sikio la binadamu ni zito kwenye sauti za chini: Hz 20 inahitaji zaidi ya desibeli 70 ndipo uanze tu kuisikia.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, pakua programu ya bure iitwayo REW, nunua maikrofoni ya USB kama UMIK-1 ya miniDSP, na uone kwa macho chumba kinafanya nini. Maikrofoni ya simu haitoshi. Simu nyingi hukata sauti za chini kwa makusudi.

Kwenye ekolaiza fuata kanuni moja: kata vilima, usijaze mashimo. Kuongeza desibeli 3 kunadai nguvu maradufu, na desibeli 10 kunadai nguvu mara kumi. Shimo linalotokana na mawimbi kufutana hulijazi hata kwa amplifaya ya tamasha. Linaondoka kwa kuhamisha sabufa au kiti, basi.

Kinachotetemeka ambacho si sabufa

Luva, mlango wa alumini, kabati la vyombo, dari ya jasi. Vyote hivi vikilia, unasikia kelele zake na besi safi inafichwa. Pata sauti ya majaribio inayopanda taratibu kutoka Hz 20 hadi 60, icheze kwa kiasi, uzunguke chumba ukigusa vitu kwa kiganja. Kinachonyamaza ukikigusa ndicho mkosaji. Kipande cha mpira, skrubu ya kukaza au karatasi iliyokunjwa vinatosha.

Na trei za mayai ukutani? Zishushe. Wimbi la Hz 30 lina urefu wa zaidi ya mita 11. Halijui kama trei ipo.

Kuna jambo jingine la nyumba zetu. Mmarekani mwenye sakafu ya mbao anahisi filamu kwa miguu na makalio. Wewe una vigae juu ya zege, na zege haitikisiki. Kwa hiyo hata besi ikiwa nyingi, mwili haupati ule mtikisiko. Dawa yake ni kitikisa-kochi, kifaa kinachofungwa kwa skrubu kwenye fremu ya mbao chini ya kochi na kuunganishwa na amplifaya yake ndogo kutoka tundu la sabufa la risiva. ButtKicker ni jina linalojulikana zaidi. Hakiongezi sauti hata kidogo, ila kifaru cha vita kikipita kwenye filamu, utageuka kuangalia nyuma. Na jirani hasikii.

Ukiamua kutoa hela

Usinunue namba iliyoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi. PMPO ni ya kupambia katoni. Kariakoo au Luthuli Avenue, uliza wati za RMS, ukubwa wa spika kwa inchi, na inashuka hadi Hz ngapi ndani ya desibeli 3. Muuzaji asipojua la mwisho, tafuta karatasi ya mtengenezaji kwenye simu yako palepale kaunta.

Sababu ni hii. Kushuka kutoka Hz 40 hadi Hz 20 kwa sauti ileile, spika lazima isukume hewa mara nne zaidi. Wati peke yake hazifanyi hivyo, uso wa spika ndio unaofanya. Spika ya inchi 15 ina eneo karibu mara tatu na nusu ya ile ya inchi 8. Kwenye mita za ujazo 100, inchi 12 ndipo pa kuanzia.

Chagua boksi lenye tundu la hewa kuliko lililozibwa. Chumba kidogo huisaidia sabufa iliyozibwa kwenye sauti za chini kabisa. Chumba kikubwa hakitoi msaada huo mapema, kwa hiyo unautegemea ule msukumo wa tundu. Tafuta lililopangwa kwenye Hz 20 au chini yake, kwa sababu chini ya hapo sauti yake huporomoka haraka. Kama sabufa uliyonayo ina tundu na mtu ameliziba kwa sponji, itoe ujaribu, mradi mwongozo wake unaruhusu.

Mabufa ya muziki wa harusini usiyalete sebuleni kwa ajili ya filamu. Yana inchi 18, yanapiga watu hadi barabarani, lakini mengi yametengenezwa kwa nguvu ya kuanzia Hz 40 hivi kwenda juu. Kwa bongo fleva na gitaa la besi ni sawa kabisa, maana uzi mnene wa gitaa la nyuzi nne uko Hz 41. Ngurumo za filamu ziko chini ya hapo.

Fundi seremala anaweza kukuundia boksi zuri kwa MDF ya milimita 18, tena kwa bei ya chini. Ila ujazo wa boksi na urefu wa paipu ya tundu vikokotolewe kwa vipimo vya spika yenyewe. Programu ya WinISD inafanya hivyo bure. Fundi akikuambia anakadiria kwa macho, mshukuru uondoke.

Kuhusu umeme: volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, amplifaya ya transfoma hupoteza kama theluthi ya nguvu yake. Inatisha kuisoma, lakini kwa sikio haifiki hata desibeli 2. Kwa hiyo stabilaiza nunua kwa ajili ya kulinda vifaa, usitarajie ikuongezee besi. Sabufa iliyotoka Marekani ikague kabla ya kuichomeka. Nyingi ni za volti 120 tu. Na mvumo wa kudumu wa "mmmm" hata pasipo filamu kwa kawaida ni tatizo la ethi au waya, si sabufa mbovu. Chomeka risiva na sabufa kwenye soketi moja uone.

Sasa sabufa ya pili. Mwaka 2002 Todd Welti wa kampuni ya Harman aliwasilisha utafiti kuhusu idadi ya sabufa zinazotosha kwenye chumba cha mstatili. Alionyesha kuwa mbili zilizowekwa katikati ya kuta zinazotazamana zinafanya kazi nzuri, nne katikati ya kuta zote nne ni bora zaidi, na kuzidisha nne hakuna faida ya maana. Lakini soma vizuri alichokuwa anakitafuta. Lengo lake lilikuwa besi inayolingana kwenye viti vyote, si besi nyingi zaidi.

Kwa hiyo jiulize nani anaangalia filamu. Kama familia nzima imejaa makochi matatu, weka mbili kwenye kuta zinazotazamana. Kama ni wewe na mwenzako kwenye kochi moja, zipange zote mbili kwenye kona ileile, au moja mbele na moja nyuma ya kochi. Mbili zikikaa pamoja hukupa hadi desibeli 6 zaidi, na kila moja inafanya kazi bila kukamuliwa. Ziwe aina moja. Kuchanganya yenye tundu na iliyozibwa kunaleta ugomvi wa mawimbi ambao utakuchosha kuusuluhisha.

Mfuko ukiruhusu kitu kimoja tu mwaka huu, basi inategemea ulichonacho. Kama una ya inchi 12 yenye tundu, nunua pacha wake. Kama una ya inchi 6 na nusu iliyokuja na homu thieta, usiiongezee ndugu. Iuze, uanze na inchi 12 moja nyuma ya kochi.